Kata Juu, Kata Chini: Swali la Maadili Ndani ya Sehemu

Kuna neno moja la hesabu za shule ya msingi ambalo sisi wapenda fasihi tumelipita tu kama jiwe la njiani: kurahisisha. Mwalimu anaandika ubaoni 6/8, anageuka, anasema, "Rahisisheni." Darasa linakata juu kwa mbili, linakata chini kwa mbili, linapata 3/4. Hakuna anayeuliza kilichokatwa kimekwenda wapi. Hesabu imeisha, fungeni madaftari.

Mimi nadhani swali limebaki pale ubaoni, na si la hesabu peke yake. Je, inawezekana kukifanya kitu kiwe kidogo bila kukipunguza? Mwandishi wa habari anayegeuza mkutano wa saa nne kuwa aya tatu anafanya kazi hiyo. Mhakiki anayeifupisha riwaya kwa sentensi mbili ni hivyo hivyo, na mzee wa ukoo anayegawa kihamba cha marehemu, na serikali inayosaini mkataba. Wote wanarahisisha. Tofauti ni kwamba mtoto wa darasa la tano amepewa sharti la kumzuia asidanganye, na sisi wakubwa tumelisahau.

Sharti lenyewe ni hili. Sehemu ina namba mbili: kiasi kiko juu, asili iko chini. Asili inasema kitu kizima kimegawanywa mara ngapi. Kiasi kinasema umechukua vipande vingapi. Ukitaka kurahisisha, unatafuta namba inayogawa juu na chini bila kuacha baki, tena iliyo kubwa kuliko zote. Vitabu vyetu vinaiita Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS. Ukigawa juu kwa namba hiyo, lazima ugawe na chini kwa namba hiyo hiyo. Ukikata juu peke yake umemwibia mtu, na ukikata chini peke yake umemzidishia. Kata kote, thamani inabaki ile ile.

Angalia hilo neno shirika. Juu na chini zina kitu wanachoshirikiana, na kurahisisha ni kukiondoa. Ukifika mwisho, namba mbili zilizobaki hazina tena la kushirikiana isipokuwa moja. Hapo tunasema sehemu imefika katika umbo lake rahisi kabisa. Ni safi, lakini imekaa kipweke.

Kabla sijaanza kulalamika, niseme wazi kwamba sina ugomvi na urahisi. Urahisi ni haki ya raia. Anayeingia duka la Rulenge au Biharamulo mjini na kuomba "nusu robo ya sukari" ameshazidisha sehemu kwa sehemu kichwani: nusu mara robo, yaani thumni ya kilo, gramu 125. Hakuhitaji kalamu. Kinyume chake, mtu akikuletea karatasi iliyoandikwa kwamba kijiji kitapata vipande 12,480 kati ya 49,920, shtuka. Hiyo ni robo tu. Aliyeiandika vile ama hajui kukata, ama hataki wewe ujue. Namba kubwa ni kichaka, na wezi wanapenda vichaka. Kwa hiyo kurahisisha kunaweza kuwa tendo la ukweli: unafyeka, watu wanaona.

Tatizo linaanza pale tunapodhani kwamba kilichofyekwa hakikuwa kitu.

Chukua 3/6. Chukua na 250,000/500,000. Zote mbili ukirahisisha ni 1/2. Kwa macho ya hesabu ni mapacha, lakini nyuma ya ile ya kwanza kuna machungwa matatu, na nyuma ya ile ya pili kuna mji. Kurahisisha kunatunza uwiano na kutupa ukubwa. Hii si kasoro ya hesabu, ndiyo kazi yake. Ila ukubwa ukiwa ni watu, kuutupa ni uamuzi, na kila uamuzi una mwenyewe.

Twende Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani humo kwa wingi ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa halijawahi kuuona kwa kasi ile. Takwimu iliyozunguka dunia ilikuwa watu 250,000 ndani ya takribani saa 24. Vyombo vya habari vikaifupisha: robo milioni. Ni kauli fupi inayokaa vizuri kwenye kichwa cha habari, na kihesabu haina kosa: 250,000 kwa 1,000,000, kata juu, kata chini, unapata 1/4.

Lakini hebu jiulize: robo ya nini? Kiswahili chenyewe kinakulazimisha. Huwezi kusema nusu, theluthi au robo ukaishia hapo. Lazima ije "ya". Robo ya mkate, robo ya shamba. Ile milioni ya 1994 haikuwa kitu kizima chochote. Hakukuwa na watu milioni moja wamejipanga mahali, wa kwetu wakawa robo yao. Milioni iliingia kwa sababu ni namba ya duara inayotamkika vizuri London na New York. Sehemu ikapewa asili ya kuazima.

Asili ya kweli ilikuwa Ngara. Kambi ya Benaco na nyinginezo zilipojaa, wageni wilayani wakawa wengi kuliko wenyeji. Ukiandika sehemu hiyo, wageni juu na wenyeji chini, unapata kitu ambacho vitabu vya shule vinakiita sehemu guni: kiasi kimezidi asili. Wapenda ushairi mnalijua neno hilo kwa upande wa pili. Shairi guni ni lile lililokosea mizani au vina, lililokosa kutimia. Sijui kama aliyelichagua neno kwa ajili ya hesabu alikuwa mshairi, ila alipatia. Wilaya ya watu wanaolima migomba na maharage, yenye visima vyake na misitu yake ya kuni, ghafla mizani imezidi mstari. Hiyo ndiyo habari ambayo "robo milioni" haikuibeba. Namba ilikuwa sahihi. Uhusiano ndio haukuwepo.

Kuna jambo zito zaidi. Ndani ya kambi zile walikuwemo watoto, wajawazito na wazee ambao hawakuwa na hatia yoyote. Walikuwemo pia watu waliotoka kuua. Mto Kagera, ule ule uliovukwa kwa daraja, ulikuwa unateremsha miili kuelekea Ziwa Victoria. Wote walipokaa kwenye foleni ya unga walikuwa na kigawo kimoja cha shirika: mkimbizi. Kwa kugawa unga kigawo hicho kilitosha, maana njaa haina itikadi. Kwa kutoa haki hakikutosha hata kidogo. Kisha Desemba 1996 serikali ya Tanzania pamoja na shirika lile lile la wakimbizi zikatangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wote. Katika lugha ya sehemu "wote" ni moja kwa moja, 1/1, na hakuna kitu rahisi kuliko hicho. Aliyeogopa kurudi kwa sababu ana damu mikononi na aliyeogopa kwa sababu hana mtu wa kumpokea, wamekatwa kwa kisu kimoja.

Sisemi kwamba palikuwa na njia nyepesi. Serikali ilikuwa na mzigo, na wenyeji walikuwa wamechoka. Nasema tu kwamba kigawo kinachofaa kwenye swali moja hakifai kwenye kila swali, na kwamba dhambi nyingi za uandishi na za utawala zinatokea tunapokibeba kigawo cha jana kwenda nacho kwenye hesabu ya leo.

Sasa nikupe mchezo, uupumzishe moyo kidogo. Andika 16/64. Mtoto mvivu anaona 6 juu, anaona 6 chini, anazifuta zote mbili, anabaki na 1/4. Na jibu ni sahihi! Kweli 16 kwa 64 ni robo. Fanya vivyo hivyo kwa 26/65, unapata 2/5, sahihi tena. Kwa 19/95 unapata 1/5. Mwalimu aliyechoka anaweka vema, tunasonga mbele. Kesho mtoto huyo anakutana na 12/24, anafuta 2 juu na 2 chini, anaandika 1/4, wakati jibu ni nusu. Sasa tunashangaa.

Nimeuwaza sana mfano huu katika kazi yangu. Mwandishi anayekisia na akapatia amefanya nini? Msomaji amepata ukweli, hakuna aliyeumia. Lakini nadhani jibu sahihi lililopatikana kwa njia ya uongo ni deni. Linampa mtu imani kwenye kisu kisichokata. Wengi wetu tunaohukumu watu kwa kabila au kwa wilaya walikotoka tulianza kwa kupatia mara moja au mbili. Tuliona tarakimu zinafanana, tukafuta, jibu likakubali. Kufanana kwa sura si kushirikiana kwa kweli. Ile 6 ya kwenye 16 ni mamoja sita na ile ya kwenye 64 ni makumi sita. Zinaitwa jina moja tu.

Turudi Rusumo, maana pale pale kwenye daraja leo kuna sehemu nyingine, na hii inanifurahisha zaidi. Kwenye maporomoko ya mto Kagera umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, mali ya nchi tatu: Rwanda, Burundi na Tanzania. Kila nchi inapata theluthi, kama megawati 26.7. Mgawo wa Tanzania unatoka Ngara kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 mpaka kituo cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Wilaya hizi mbili, ambazo kabla ya gridi zilikuwa zinategemea majenereta ya dizeli, sasa zimepitiwa na theluthi ya taifa.

Je, theluthi hiyo ni haki? Inategemea asili. Sensa ya 2022 iliwakuta Watanzania 61,741,120. Rwanda nayo, kwa sensa ya mwaka huo huo, ilikuwa na watu 13,246,394. Ukifanya watu ndio asili, megawati zile zinampa Mnyarwanda kama wati mbili na Mtanzania haifiki hata nusu wati. Mtu wa vijiweni atasema tumepunjwa. Ila angalia upande wa gharama. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 340 kwa ajili ya mtambo, na kila nchi ikabeba theluthi, dola milioni 113.3. Umeme umegawanywa kwa tatu, na mzigo umegawanywa kwa tatu. Kata juu, kata chini, kwa namba ile ile. Hili ndilo sharti la mtoto wa darasa la tano, limesainiwa na mawaziri. Unaweza kubishana kwamba asili ingekuwa watu na si dola, lakini huwezi kusema kisu kilikata upande mmoja.

Yupo mmoja tu ambaye hesabu hii haimpati: yule ambaye shamba lake liko palipopita mradi. Yeye hakutoa theluthi. Kipande chake kikichukuliwa, kimekwenda kizima, moja kwa moja. Na faida, ikija, inamfikia ikiwa imegawanywa kwa mamilioni. Juu kwake kumekatwa kwa idadi ya taifa, chini hakukukatwa kitu. Ndiyo maana fidia ni suala la uwiano: ni kazi ya kurudisha usawa wa kisu. Fidia ikichelewa, sehemu imeandikwa vibaya, hata kama jumla ya taifa inapendeza.

Ngara hiyo hiyo ina nikeli ya Kabanga. Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel: serikali hisa asilimia 16, mwekezaji asilimia 84. Kumi na sita kwa mia, ukikata kwa nne, ni 4/25. Themanini na nne kwa mia ni 21/25. Keki ina vipande ishirini na vitano. Sisi vinne, wao ishirini na kimoja. Ukiisema hivyo kijiweni watu wananyamaza kidogo. Asilimia 16 ilikuwa inasikika kama takwimu, na "vinne kati ya ishirini na vitano" inasikika kama sahani.

Lakini usikimbilie kukasirika, maana hapa pia lazima uulize: ya nini? Hizo ni sehemu za hisa, na kwa Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa 2017 serikali inazipata bila kuweka mtaji. Kuna pia kodi na mrabaha, ambavyo havimo ndani ya ile 16. Kwenye makubaliano na Barrick yaliyozaa kampuni ya Twiga, hisa ni hizo hizo 16 kwa 84, ila faida za kiuchumi zinatajwa kuwa nusu kwa nusu. Mtu mmoja anasimama jukwaani na 4/25, mwingine anasimama na 1/2, wanaitana waongo, na wote wawili wanasema kweli kwa asili mbili tofauti. Siasa zetu nyingi za madini ni ugomvi wa watu wasiotaja kilicho chini ya mstari.

Na kwa nini sheria imesema asilimia 16 badala ya 4/25? Kwa sababu asilimia ni sehemu iliyokataa kurahisishwa makusudi. Imebaki na mia yake chini ili iweze kukaa na wenzake. Hapa ndipo naona fundisho ambalo ubaoni huwa linakuja wiki moja baadaye, tumeshachoka. Huwezi kujumlisha nusu na theluthi zikiwa katika umbo lao rahisi. Nusu inalazimika kukubali kuwa 3/6, theluthi inakubali kuwa 2/6, ndipo zinakuwa 5/6. Kila moja imejikuza, imejitwisha namba ambayo peke yake haikuihitaji. Namba hiyo nayo ina jina lenye neno lile lile: Kigawe Kidogo cha Shirika. Kwa KKS tunavua ushirika ili tujione wenyewe. Kwa KDS tunauvaa ili tukae pamoja.

Ndugu zetu Waislamu wanalijua hili kupitia mirathi. Wapo warithi ambao mafungu yao, kila moja likiwa limeandikwa vizuri peke yake, yakikutanishwa yanazidi mali. Mfano maarufu: mke ana thumni, mabinti wawili wana theluthi mbili, baba ana sudusi, mama ana sudusi. Ziweke zote juu ya ishirini na nne: 3 na 16 na 4 na 4. Jumla 27. Mali ni 24, madai ni 27. Wanasheria wa kale walifanya nini? Hawakumtoa mtu. Walibadili asili ikawa 27, kila mmoja akapungukiwa kwa kiwango kile kile, na thumni ya mke ikawa 3/27, yaani tusui. Simulizi inasema Imamu Ali aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu pale pale. Mimi kinachonigusa ni ule uamuzi wa kwamba mali isipotosha, aibu ya kutotosha igawanywe pia. Kumbuka Ngara yenye sehemu guni.

Ninyi wasomaji wa hadithi mtaniuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu riwaya nzuri ni sehemu isiyorahisishwa. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kwenye ziwa hili hili. Irahisishe: binti aliyelelewa kwa ukali, alipopata uhuru akaharibika. Si uongo. Wapo waliosoma hivyo, na kitabu kilizuiwa mashuleni. Lakini kisu hicho kimekata juu tu, kwa binti. Chini kuna baba mlevi mwenye fimbo, wanaume wenye vyeo, jamii nzima inayotazama. Ukitaka kumkata Rosa, kata na Zakaria kwa namba ile ile, uone kinachobaki.

Kwa hiyo sipendekezi tuache kurahisisha. Hatuwezi, kurasa hazitoshi na maisha ni mafupi. Napendekeza maswali matatu kabla ya kuinua kisu. Je, ninachofuta kipo kweli juu na chini, au kinafanana sura tu? Je, nimekata pande zote? Na je, baada ya kukata, msomaji wangu bado anaweza kujibu "ya nini"?

Swali la nne ni la yule anayesoma, si la anayeandika. Ukikutana na robo, theluthi au asilimia iliyopendeza, izidishe irudi ilikotoka. Theluthi ya umeme wa Rusumo irudi kuwa nyumba za Ngara zenye taa na zisizo na taa. Vinne kati ya ishirini na vitano virudi kuwa kilima cha Kabanga. Ile robo nayo irudi kuwa watu 250,000 wanaovuka daraja kwa miguu. Hesabu inaruhusu. Ukizidisha juu na chini kwa namba ile ile, thamani haibadiliki.